Tuliyemwambia Akae



Wapendwa wasomaji, sisi mafrateri tukirudi kutoka likizo ya kichungaji huwa tunaandika humu mambo yaliyotupendeza: ubatizo wa watu wazima, kigango kilichopata bati jipya, akina mama wa WAWATA waliotufungashia karanga na michembe siku ya kuondoka. Safari hii tunaandika kosa. Tulilifanya wenyewe, siku ya Dominika, katikati ya Misa ya pili, tukiwa ndani ya kanzu, na waamini wengi walidhani tumefanya vyema.

Tulikuwa watatu, tumepangiwa Kambarage, mjini Shinyanga, kuanzia mwezi wa sita. Wapenzi wa mpira wanaijua Kambarage kwa uwanja ambao Stand United waliutumia enzi zao za Ligi Kuu. Sisi tutaikumbuka kwa vumbi la kiangazi, na kwa ngazi tatu za altare.

Dominika hiyo ilikuwa zamu ya jumuiya moja kuleta vipaji. Katika msafara alikuwamo binti wa miaka 19 mwenye sindromu ya Down, amebeba kikapu kidogo cha mchele. Alitembea taratibu, miguu ameitanua, macho yako sakafuni. Wenzake walikuwa wamekwisha kukabidhi vipaji vyao na kurudi, yeye bado yuko chini ya ngazi. Akaweka mguu wa kulia kwenye ngazi ya kwanza, akayumba, akasimama. Kwaya ilikuwa imemaliza beti zote, kinanda kimebaki peke yake. Mmoja wetu akashuka, akapokea kikapu, akamshika bega na kumrudisha kwenye benchi. "Kaa hapa, dada," tukamwambia. Akakaa. Mzee mmoja wa kiti cha mbele akatutikisia kichwa kwa kuridhika.

Baada ya Misa mama yake alitufuata nyuma ya sakristia. Tukamwamkia, akaitikia, akauliza habari za masomo, za wazazi wetu, za afya. Hakuwa na haraka. Ndipo akasema: "Frateri, sikuja kulaumu, nataka mjue tu. Wiki tatu tumefanya naye mazoezi. Niliomba matofali kwa jirani nikayapanga uani, ngazi tatu kama za kanisani, anapanda na kikapu, anashuka. Alikuwa anaweza. Tangu mdogo huyu kila mtu anamwambia akae. Shuleni kaa, msibani kaa, sasa na kanisani kaa. Hiyo miguu ijifunzie wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tunasoma falsafa mwaka wa tatu, na jioni ile tulikumbuka kwamba swali hili tuliwahi kulijibia mtihani bila kujua. Aristotle anafundisha kwamba kati ya wanyama wote mwanadamu peke yake anasimama wima, kwa sababu asili yake inashiriki jambo la kimungu. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye, katika swali la 91 la sehemu ya kwanza ya Summa, anaeleza kwa nini mwili wa binadamu umeumbwa wima: milango ya fahamu iwe huru kutazama mbingu na dunia, mikono iwe huru kufanya kazi, ulimi uwe huru kusema. Tulikariri sababu hizo na tukapata alama nzuri. Hatukujiuliza wala mwalimu hakutuuliza habari za mtu ambaye kusimama kwenyewe ni kazi ya kutwa. Kama kusimama wima ni alama ya utu, basi anayemnyima mwenzake nafasi ya kujifunza kusimama anamnyima kitu kikubwa kuliko zamu ya kubeba mchele.

Kwa hiyo, msimamo wetu tuuseme mapema. Vijana wenye ulemavu wa akili wanaotuzunguka wanayumba na kuanguka zaidi ya wenzao. Sehemu ya sababu iko mwilini mwao. Sehemu nyingine, ambayo si ndogo, tumeitengeneza sisi kwa kuwakalisha, na hiyo inaweza kurekebishwa hata na parokia isiyo na fedha.

Ndugu msomaji, simama kidogo, karibu na ukuta kwa usalama. Inua mguu mmoja. Ukishatulia, fumba macho. Bila shaka umeanza kuyumba kabla hujahesabu hadi kumi. Mwili hutegemea mashahidi watatu ili usianguke: macho, sikio la ndani, na taarifa zinazotoka kwenye nyayo, misuli na viungo. Ubongo, hasa ule ubongo mdogo wa kisogoni, hupokea ushahidi wa wote watatu na kuamuru misuli irekebishe mwili kidogo kidogo, bila sisi kujua. Hata mlinzi aliyesimama wima getini hajatulia kabisa. Anayumba mbele na nyuma kwa kiasi kidogo mno, anaanguka na kujidaka muda wote. Ukifumba macho umemwondoa shahidi mmoja. Ukisimama juu ya godoro umemchanganya mwingine.

Wataalamu katika nchi mbalimbali wamewapima vijana wenye ulemavu wa akili kwa kuwasimamisha juu ya mizani maalumu inayorekodi namna mwili unavyoyumba. Matokeo yanaelekea upande mmoja: kwa wastani wanayumba zaidi ya vijana wengine wa umri wao, na tofauti huzidi wanapofumba macho au wanapokanyaga mahali palipo laini. Wengi hutembea polepole, kwa hatua fupi, miguu ikiwa imetanuka. Hapa ndipo tulipojiona wajinga. Kutanua miguu ni kupanua msingi, kama fundi anavyotanua miguu ya ngazi yake. Kutazama chini ni kumtegemea shahidi ambaye bado anaaminika. Yule binti hakuwa anashindwa pale mbele ya altare. Alikuwa anatumia ufundi wote alionao, na alipoyumba alijidaka mwenyewe. Sisi tuliona kuyumba tu, kujidaka hatukukuona.

Jambo jingine tulilojifunza ni kwamba kusimama kunakula akili. Kwetu kunakula kidogo, ndiyo maana tunaweza kutembea huku tunabishana habari za Simba na Yanga. Kwa kijana mwenye ulemavu wa akili gharama ni kubwa zaidi. Akitakiwa kutembea na kufanya jambo jingine wakati huohuo, hatua zake huharibika kuliko zetu. Sasa fikirini jinsi tunavyomsaidia: "Angalia! Polepole! Utaanguka! Shika vizuri! Pita huku!" Watu watano wanasema kwa pamoja, na kila neno linachukua sehemu ya akili iliyokuwa inashughulika na mguu. Neno moja linatosha, na mara nyingi hata hilo moja halihitajiki.

Sababu za mwilini zipo, tusizifiche. Mwenye sindromu ya Down huzaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada, na pamoja nayo huja misuli iliyolegea na kano zisizokaza viungo sawasawa. Wengine waliumia kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wengine walipata malaria kali ya kichwani utotoni, lile degedege ambalo mikoa yetu inalijua mno, na ubongo ukabaki na kovu. Wengine hawaoni vizuri au wana masikio yaliyotoka usaha miaka mingi bila tiba, na hakuna aliyewapima kwa sababu kila kinachowasibu tunakihesabu kuwa ni sehemu ya ulemavu. Zipo pia dawa za kifafa ambazo dozi yake ikizidi humfanya mtu ayumbe kama mlevi. Mzazi anayeona mwanawe ameanza kuyumba baada ya dawa kubadilishwa amweleze daktari. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, maana kifafa kinaua.

Lakini tazameni maisha ya kijana wa kawaida wa Shinyanga. Binti anatumwa maji tangu ana miaka sita, kwanza na kidumu cha lita tatu, halafu tano, mwisho ndoo ya lita ishirini kichwani bila kuishika, anaruka mtaro na kumpisha mwenye baiskeli. Mvulana anachunga, anakimbiza ndama kwenye ardhi yenye nyufa, anajifunza baiskeli ya baba yake kwa kupitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu kiti hakifikii. Wanaruka kamba. Wanacheza ngoma harusini. Hakuna aliyewaambia kwamba hayo ni mazoezi ya mizani ya mwili, lakini ndiyo, tena ni saa nyingi kila siku kwa miaka kumi na zaidi. Mwenzao mwenye ulemavu wa akili amesamehewa yote hayo. Hatumwi, kwa sababu atamwaga. Hachungi, kwa sababu atapotea. Hachezi, kwa sababu watamcheka. Anakaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, ananenepa, misuli inazidi kulegea, na akifika miaka 19 tunamtazama akipanda ngazi na kusema: mnaona, hawezi.

(Hapo kwenye ndoo tuweke angalizo. Baadhi ya wenye sindromu ya Down wana ulegevu katika mifupa ya juu ya shingo. Mizigo mizito kichwani, kupinduka sarakasi na kuvutwa kichwa havifai mpaka daktari awapime. Kikapu cha mchele mkononi hakina neno.)

Habari njema, na hii ndiyo sababu ya kuandika, ni kwamba mizani ya mwili inafundishika. Programu za mazoezi za wiki chache tu, kwa kawaida mara mbili au tatu kwa wiki, zimejaribiwa kwa vijana hawa sehemu nyingi duniani, na mara kwa mara zimeonyesha kwamba wanasimama imara zaidi baada ya mazoezi kuliko kabla. Mazoezi yenyewe ni ya kawaida: kutembea juu ya mstari, kusimama mguu mmoja, kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, kukanyaga kitu laini, kurusha na kudaka mpira, kucheza muziki. Yule mama wa Kambarage hakuwa amesoma utafiti wowote. Alipanga matofali uani.

Kuna familia moja ya Kikatoliki ambayo habari yake inafaa kukumbukwa hapa, ingawa waliishi mbali na Shinyanga na walikuwa na mali nyingi. Rosemary Kennedy, dada wa John Kennedy aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alizaliwa mwaka 1918 na alikuwa na ulemavu wa akili. Mwaka 1938, baba yao akiwa balozi mjini London, Rosemary alipelekwa kutambulishwa mbele ya mfalme na malkia wa Uingereza. Kulikuwa na namna maalumu ya kuinama kwa kukunja magoti, ngumu kwa mtu yeyote aliyevaa gauni refu, naye aliifanyia mazoezi kwa saa nyingi. Siku yenyewe alijikwaa akakaribia kuanguka. Mfalme na malkia wakatabasamu kana kwamba hakuna kilichotokea, akaendelea. Sisi tunaona ajabu kwamba katika ikulu ile, penye masharti yote yale, alipewa nafasi ya kujidaka ambayo sisi hatukuitoa kwenye ngazi tatu za saruji.

Yaliyofuata yanatia uchungu. Mwaka 1941 baba yake aliamua afanyiwe upasuaji wa ubongo ambao siku hizo ulisifiwa kuwa unatuliza tabia. Alikuwa na miaka 23. Alitoka amepoteza uwezo wa kutembea na wa kusema, ikabidi afundishwe upya kama mtoto mchanga, na hakurudi tena kuwa kama alivyokuwa. Kwa miaka mingi alitunzwa mbali na nyumbani, katika taasisi ya masista huko Wisconsin, na watu wa nje hawakuambiwa ukweli. Alifariki mwaka 2005. Dada yake Eunice, ambaye alikuwa akiogelea na kucheza naye utotoni, alifungua kambi ya michezo nyumbani kwake mwaka 1962 kwa watoto wenye ulemavu wa akili, wakati ambapo wengi waliamini kwamba watoto hao hawapaswi kuchezeshwa kwa sababu wataumia. Kutokana na kazi hiyo, Julai 1968, wanamichezo wapatao 1,000 walishindana mjini Chicago katika mashindano ya kwanza ya Special Olympics. Leo Tanzania nayo ina wanamichezo katika harakati hiyo. Hofu iliyowakalisha watoto wa Marekani ni ileile inayowakalisha wa kwetu, na jibu la Eunice lilikuwa kuwatoa nje wakimbie.

Usukumani hatuna haja ya kungoja kambi, kwa sababu tuna ngoma. Pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alizichukua ngoma na nyimbo za Wasukuma akaziingiza katika maisha ya Kanisa kuanzia miaka ya 1950, wakati wamisionari wengine waliziona kuwa upagani mtupu. Mpaka leo tamasha la Bulabo hufanyika mwezi wa sita, karibu na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, na vikundi vya Bagika na Bagalu vinashindana. Aliyewahi kutazama bugobogobo, ngoma ya jembe, anajua tunachosema: mchezaji anarusha jembe, anazunguka, anachuchumaa na kuinuka kwa mdundo bila kuanguka. Hakuna mtaalamu wa fiziotherapia ambaye angebuni zoezi bora zaidi. Na mdundo wenyewe unasaidia. Mguu unajua utue lini kabla akili haijaambiwa.

Tena tumebarikiwa kuwa na ngoma ndani ya Misa. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanatangulia msafara wa kuingia wakicheza, wanacheza wakati wa Utukufu, wanacheza wakati wa vipaji. Tuliuliza parokiani kama katika kundi lile yumo hata mmoja mwenye ulemavu wa akili. Hayumo. Hakuna aliyewakataza, ila hakuna mzazi aliyethubutu kumleta, na walimu wa watoto nao walidhani ni huruma kutomwita. Nasi hatutaki kujifanya bora: tungeulizwa kabla ya Dominika ile tungesema hivyohivyo.

Wenzetu tuliowaonyesha makala haya kabla hayajachapwa walileta hoja, na zinastahili kujibiwa.

Wa kwanza alisema: ataanguka. Ni kweli, ataanguka, na kuanguka si mchezo. Jino linang'oka, mkono unavunjika. Ndiyo maana hatusemi aanzie kwenye ngazi. Aanzie sakafuni, kando ya benchi ambalo anaweza kulishika, na mtu mmoja asimame umbali wa mkono bila kumgusa. Kumgusa muda wote kunamfanya aegemee, na mwili unaoegemea haujifunzi. Hilo lilikuwa gumu kwetu kuliko tulivyotarajia. Mikono inajinyoosha yenyewe.

Wa pili alisema liturujia itavurugika na Misa itachelewa. Ndugu yetu huyu ametoka parokia ya vijijini na anajua kwamba Dominika ya mavuno tunasubiri mbuzi akokotwe kutoka mlangoni hadi mbele ya altare, akigoma njiani, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba mbuzi amechelewesha Misa. Tunampigia vigelegele.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: hii si kazi ya padre, ni kazi ya hospitali. Tunakubali kwamba vipimo na tiba ni vya hospitali. Lakini mtaalamu wa fiziotherapia ni adimu, na kwa familia ya Shinyanga inayoandikiwa kwenda Bugando, kilomita zipatazo 160, nauli ya watu wawili mara mbili kwa wiki haipatikani. Kanisani wanakuja kila wiki, kwa miguu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 777, inamwagiza paroko ahakikishe kwamba wenye ulemavu wa mwili au wa akili nao wanapewa katekesi kadiri ya hali yao. Wengi tunaisoma kana kwamba katekesi ni kukariri sala tu. Kijana ambaye hajui kusoma hujifunza Misa kwa mwili: kusimama, kupiga magoti, kuinama, kwenda na kurudi. Tukimkalisha tumemwondolea kitabu chake pekee. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inataka washirikishwe katika maisha ya jamii, na jamii ya kwanza nje ya nyumba, kwa wengi wao, ni jumuiya ndogondogo.

Alasdair MacIntyre, mwanafalsafa Mkatoliki, aliandika kitabu kizima mwaka 1999 akiwalaumu wanafalsafa kwa kuandika habari za mwanadamu kana kwamba kila mtu ni mzima, ana nguvu na hajawahi kubebwa. Anatukumbusha kwamba sote tulianza kwa kubebwa na wengi tutamaliza hivyo. Tulipomsoma tulisema ndiyo. Ngazi za Kambarage ndizo zilizotuonyesha kwamba hatukuwa tumemwelewa.

Hatuwezi kuandika juu ya kuyumba, tukiwa kanda hii, bila kugusa dhahabu. Familia nyingi tulizotembelea zina baba au kaka aliyeko machimboni, Kahama au Geita, na baadhi ya vijana wa kwaya hupotea miezi mitatu na kurudi na simu mpya. Mchimbaji mdogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, na mvuke wake huvutwa na aliye karibu, hata mama mwenye mimba na mtoto anayecheza pembeni ya karasha. Zebaki hushambulia mishipa ya fahamu na ubongo. Mikono hutetemeka na mwendo hupoteza mizani. Huko Minamata, Japani, ambako madhara yake yalijulikana rasmi mwaka 1956 baada ya watu kula samaki wenye zebaki iliyotupwa na kiwanda, walizaliwa watoto wenye ulemavu wa akili na wa viungo ingawa mama zao walionekana kuwa na dalili chache. Kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa waliwapima watu wa Rwamagasa, Geita, na kuwakuta baadhi ya wachomaji wa zebaki na dalili za sumu. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya Tanzania, na mwaka 2020 nchi yetu iliridhia mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki.

Hakuna awezaye kumtazama kijana na kusema ulemavu wake umeletwa na zebaki, na sisi hatusemi hivyo. Tunachosema ni kwamba mahubiri yetu huko yanagusa ulevi, uzinzi na zaka, lakini hatujawahi kusikia hata moja likiwaambia waamini wasichomee zebaki jikoni.

Turudi Kambarage. Siku ya pili tulikwenda nyumbani kwa yule binti kumwomba radhi yeye mwenyewe, maana siku ya kwanza tulizungumza na mama tu, yeye akiwa amesimama pembeni kama mzigo unaosubiri kuchukuliwa. Alitusikiliza. Hakusema neno la kusamehe wala la kukataa. Alikwenda kwenye matofali yake akapanda, akashuka, akatutazama. Tukaelewa kwamba ni zamu yetu. Tukapanda.

Kuanzia wiki ile, kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, walikuja vijana wanne, baadaye saba. Tulichora mstari kwa majivu kwenye uwanja wa kanisa wakatembea juu yake, kisigino mbele ya kidole. Mama mmoja alileta godoro kuukuu tukalikunja, wakasimama juu yake. Vijana wa VIWAWA walipiga ngoma. Tulijifunza kuonyesha badala ya kueleza, na kunyamaza mtu anapokuwa katikati ya hatua. Mmoja tulimwondolea ndala, kwa sababu zilikuwa za kaka yake na zilimkwaza kuliko ulemavu wowote. Mwingine, mvulana wa miaka 16, hakuitika akiitwa kwa nyuma. Mama yake alimpeleka zahanati, masikio yakakutwa yameziba kwa nta na usaha wa zamani. Hatukupima lolote kwa vifaa, hivyo hatuwezi kudai kwa takwimu kwamba waliimarika. Yule binti alianza kwa kusimama mguu mmoja akiwa ameshika benchi. Wiki ya sita alikuwa anashika kwa kidole.

Baraza la parokia lilikaa mwezi wa nane. Tuliomba mambo mawili: kundi la Utoto Mtakatifu liwaite wale saba kwa majina, na pembeni mwa ngazi za altare liwekwe bomba la kushikia. La kwanza lilipita bila mjadala. La pili lilizua maneno kuhusu mwonekano wa altare, mpaka mzee mmoja, yuleyule aliyetutikisia kichwa siku ile, aliposimama na kusema kwamba naye amekuwa akiziogopa ngazi hizo kila anapopanda kusoma somo, ila aliona aibu kusema. Fundi alimaliza kuchomelea siku mbili kabla hatujaondoka. Zamu ya ile jumuiya kuleta vipaji ni Dominika ya kwanza ya Oktoba. Katekista ameahidi kutupigia simu.